Sura ya 7: Begi la Kulalia kwa Mtu Atokaye Pwani

Wakazi wa Dar es Salaam wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro huuliza mengi, lakini swali moja hurudi kila msimu: kwa nini begi moja la kulalia linauzwa laki moja na nusu, jingine la ukubwa uleule linavuka milioni, na mimi ninayelala na feni mwaka mzima nitajuaje lipi litanitosha?

Anayeuliza huwa mtu wa Mwananyamala, Kawe au Tegeta. Amejiunga na wenzake wa kazini, wanachanga fedha kila mwezi, na wanataka kuwa mlimani ifikapo 9 Desemba. Tarehe hiyo ina uzito wake. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru. Watanzania wengi hupenda kukifikia siku hiyohiyo. Viatu wanavijua, koti wataazima. Begi la kulalia ndilo linalowashinda, maana maisha yao yote hawajahitaji hata blanketi zito.

Nauweka msimamo wangu mapema. Kabla ya kutazama chapa au rangi, mtu wa pwani atazame mambo matatu: begi linamfaa kwenye nyuzi ngapi za baridi, lina gramu ngapi za manyoya na ya ubora gani, na litakaa wapi likisharudi nyumbani. Hilo la tatu halizungumzwi sana, kwa sababu vitabu vingi vya kupanda milima vimeandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu na baridi. Hapa kwetu ndilo linaloharibu mabegi mazuri.

Baridi ya kule ni kiasi gani?

Hewa hupoa kadiri unavyopanda. Kwa wastani hupungua nyuzi 6 hadi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Usiku wa Julai Kinondoni, kipupwe kikiwa kimekolea, kipimo hushuka hadi kama nyuzi 19, na tayari watu wanatafuta masweta. Kambi ya Barafu, ambako wapandaji wa njia za Machame na Lemosho hupumzika kabla ya kuelekea kileleni, iko kwenye mita 4,670 hivi kutoka usawa wa bahari. Zidisha 4.67 kwa 6.5, unapata kama nyuzi 30. Ziondoe kwenye zile 19 zetu, unabaki na nyuzi 11 chini ya sifuri.

Huo si utabiri wa hali ya hewa, lakini hauko mbali na ukweli. Kwenye kambi za juu, usiku wa nyuzi 5 hadi 10 chini ya sifuri ni wa kawaida. Kileleni, mita 5,895, alfajiri inaweza kufika 15 au hata 20 chini ya sifuri, upepo bado haujahesabiwa. Habari njema ni kwamba kileleni hulali. Unaondoka kambini karibu na saa sita usiku, unafika kunakucha, unashuka. Begi lako linapaswa kuikabili baridi ya Barafu au ya Kibo Hut.

Njia ya Marangu ina nafuu yake. Wapandaji hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, juu ya vitanda vyenye magodoro. Upepo haukufikii, lakini vibanda havina moto wa kupasha chumba, na Kibo Hut iko juu ya mita 4,700. Begi zuri bado linahitajika. Njia nyingine zote unalala hemani.

Si kila safari ni Kilimanjaro. Kwa sehemu nyingine ambazo watu wa Dar hupenda kwenda, haya ndiyo makadirio yangu ya begi linalotosha:

- Mlima Meru, vibanda vya Miriakamba (mita 2,514) na Saddle (mita 3,570): begi la kufaa kwenye nyuzi 0 hadi 5 chini ya sifuri.
- Uwanda wa Kitulo, Makete, juu ya mita 2,600: kati ya Juni na Agosti umande huganda kwenye nyasi asubuhi. Begi la nyuzi 0 au chini yake.
- Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300: begi la nyuzi 0 hadi 5.
- Lushoto na Magamba: begi jepesi la nyuzi 10.
- Uluguru ya chini, Udzungwa, Pugu: acha manyoya nyumbani. Sababu nitaieleza.

Kwa nini manyoya ya bata

Begi la kulalia halitengenezi joto. Themosi haipiki chai, huizuia isipoe, na begi ni hivyohivyo. Joto ni la mwili wako. Kinachozuia lisitoroke ni hewa iliyotulia, ile iliyonaswa katika vijishimo vidogo isiweze kuzunguka. Kwa hiyo ubora wa begi ni uwezo wake wa kunasa hewa nyingi kwa uzito mdogo.

Manyoya yanayotumika si yale marefu ya bawa yenye kijiti katikati. Ni vinyoya vyororo vilivyo chini ya manyoya ya nje, hasa kifuani mwa bata wa kawaida na bata bukini. Kila kimoja ni kishada kisicho na kijiti, chenye nyuzi nyembamba zilizotawanyika pande zote. Ukivibana vinasinyaa hadi kiganjani, ukiviachia vinatuna tena. Mpaka leo viwanda havijapata nyuzi za kutengeneza zinazovishinda vinyoya hivyo kwa joto kwa kila gramu.

Mwaka 1922 mpandaji George Finch, aliyezaliwa Australia, alikwenda Everest na msafara wa Waingereza akiwa na koti lililoshonwa kwa kitambaa cha puto na kujazwa manyoya ya bata. Wenzake walivaa sufu na tweed, na baadhi yao walilitazama koti lile kwa mashaka. Baridi ilipowazidi, yeye ndiye aliyekuwa na joto. Mavazi ya mlimani ya leo yamefuata njia ile.

Udhaifu wa manyoya ni mmoja, nao ni maji. Kinyoya kikilowa, nyuzi zake hugandamana, hewa iliyonaswa hutoka, na begi hulala bapa kama shuka lililotoka kuoshwa. Ndiyo maana sishauri kuyapeleka Udzungwa au Uluguru, kwenye mvua, jasho na joto, ambako shuka na blanketi jepesi vinatosha. Siku hizi kuna manyoya yaliyotiwa dawa ya kusukuma maji. Yanachelewa kulowa na hukauka upesi kidogo, lakini yakizama majini yanalowa tu.

Mbadala ni begi la nyuzi za poliesta. Likipata unyevu bado lina joto kiasi, linaoshwa kirahisi, na bei yake ni ndogo. Gharama yake ni uzito na ukubwa. Begi la manyoya la kufaa Barafu lina uzito wa kilo 1 hadi 1.3, la poliesta la kazi ileile mara nyingi hufika kilo 2 na hujaza nusu ya mzigo. Poliesta pia huchoka: baada ya miaka michache ya kubanwa na kufunguliwa hainasi tena hewa ndani kama zamani, wakati begi la manyoya lililotunzwa hukaa miaka 20 na zaidi.

Kwa ufupi: baridi kavu ya juu, manyoya. Chini kwenye joto na mvua, poliesta au shuka.

Lebo ina namba tatu, wewe soma moja

Mabegi yaliyopimwa maabara huandikwa nyuzi za aina tatu. Kipimo hicho kinafuata kanuni moja ya kimataifa iitwayo ISO 23537, iliyorithi ile ya Ulaya ya EN 13537. Wapimaji hutumia sanamu ya mtu yenye vipashio na vihisi vya joto, wakailaza ndani ya begi kwenye chumba cha baridi.

Namba ya kwanza kwenye lebo ni "Comfort", nyuzi za faraja: baridi ambayo mwanamke wa kawaida atalala amejinyoosha bila kutetemeka. Ya pili ni "Limit", nyuzi za mwisho: baridi ambayo mwanamume wa kawaida, akiwa amejikunja, bado atapata usingizi wake. Ya tatu ni "Extreme", nyuzi za hatari. Hapo hesabu si ya usingizi tena, ni ya kubaki hai kwa saa sita, na mwili unaweza kupoa hadi kudhurika.

Wauzaji wengi huandika namba ya pili au ya tatu kwa herufi kubwa mbele ya begi, kwa sababu inavutia. Begi lililoandikwa "-15" kwa mbele linaweza kuwa na nyuzi za faraja za sifuri tu, zimeandikwa kwa herufi ndogo ndani karibu na zipu. Anayelala nalo Barafu atakesha akihesabu dakika.

Mtu wa pwani asome namba ya faraja peke yake, awe mwanamke au mwanamume. Mwili uliozoea nyuzi 25 usiku hauna mazoea ya baridi, mlimani utakuwa umechoka, na kwenye mwinuko ule wengi hawana hamu ya kula, hivyo kuni za kuchoma ndani ni chache. Kwa Kilimanjaro tafuta faraja ya nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri. Begi la manyoya lisilo na namba hizi kabisa si lazima liwe baya, hasa la zamani, lakini itabidi ulipime mwenyewe kwa njia nitakazozitaja.

Nguvu ya kutuna na gramu za ndani

Hapa ndipo bei zinapotofautiana, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye mabegi ya manyoya utakuta namba kama 550, 650, 800 au 900, mara nyingi ikifuatwa na herufi FP. Mimi naiita nguvu ya kutuna. Maabara huchukua wakia moja ya manyoya, yaani gramu 28 hivi, huyaweka kwenye mcheduara wa kioo chini ya uzito mdogo, kisha hupima yamejaza inchi za ujazo ngapi. Manyoya ya 800 yamejaza inchi 800 za ujazo, karibu lita 13. Ya 600 yamejaza lita 10 kasoro kidogo. Gramu ni zilezile, hewa iliyonaswa ni tofauti.

Watu husikia hivyo wakadhani begi la 800 lina joto kuliko la 600. Si lazima. Nguvu ya kutuna inaeleza ubora wa manyoya, haielezi yapo mengi kiasi gani. Begi lenye gramu 300 za 800 litashindwa vibaya na begi lenye gramu 700 za 600. Unachotafuta ni mambo mawili yakizidishwa.

Tufanye hesabu. Begi la kwanza lina gramu 600 za manyoya ya 850. Kwa kukadiria, linanasa lita 295 za hewa. Begi la pili lina gramu 600 za manyoya ya 600, linanasa lita 208. Ili la pili lilifikie la kwanza linahitaji gramu 850 za manyoya. Yaani joto lilelile, robo kilo zaidi.

Je, robo kilo inastahili laki kadhaa? Inategemea nani anabeba. Mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe Kitulo au Usambara ataihisi kila kilima. Kilimanjaro wapandaji wengi hubebewa na wapagazi, wale wanaojiita wagumu, na mtu anaweza kusema uzito haumhusu. Unamhusu. Kanuni ya mlima ni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na kampuni nyingi humpa mpandaji kilo 15 tu. Mizigo hupimwa getini. Robo kilo uliyookoa kwenye begi ni robo kilo isiyo kwenye kichwa cha kijana anayepanda mita 1,000 kwa siku, na ni nafasi ya koti la mvua ulilotaka kuliacha.

Kwa msomaji wa kawaida mizani yangu huegemea katikati: manyoya ya 650 hadi 750, gramu 600 hadi 800. Juu ya 800 bei hupaa haraka kuliko joto. Ng'ambo mabegi ya namna hiyo ya juu huanzia dola 300 na kupita 600, kabla ya usafiri na ushuru.

Angalia pia namba mbili zenye mkwaju katikati, kama 90/10 au 80/20. Ya kwanza ni asilimia ya vinyoya vyororo, ya pili ni ya manyoya yenye vijiti. Chini ya 80 acha. Na kama lebo ina herufi RDS, maana yake bata hawakunyonyolewa wakiwa hai. Kanuni hiyo ilianza 2014, kwa hiyo usiitafute kwenye begi la zamani.

Umbo, mishono na zipu

Begi jepesi la baridi huwa pana mabegani na jembamba miguuni, lenye kofia ya kufunika kichwa. Likiwa pana mno unapasha hewa usiyoihitaji. Likibana, unayasukuma manyoya kwa kiwiko na goti, yanasinyaa. Mengi hutengenezwa kwa mtu wa hadi sentimita 183 hivi. Aliye mrefu zaidi atafute refu, mfupi atafute fupi, kwa sababu nafasi tupu miguuni ni baridi ya bure.

Kagua mshono. Kama uzi umepenya moja kwa moja kutoka kitambaa cha nje hadi cha ndani, kila mstari wa mshono hauna manyoya, na baridi hupita hapo. Hilo ni la Lushoto. Begi la Barafu lina vyumba vyenye kuta ndogo za wavu ndani, ili unene usikatike. Liwe pia na mrija wa manyoya nyuma ya zipu na kola ya kukaza shingoni. Kola hiyo ni kitu kidogo, lakini bila yake kila ukigeuka hewa ya moto hutoka kifuani.

Kilicho chini yako

Sehemu ya begi unayoilalia imebanwa na uzito wako, haina hewa, haina joto. Ardhi ya Barafu itakunyonya usiku kucha. Kazi ya kuzuia hilo ni ya godoro la kambini, la povu au la kujaza hewa. Magodoro hayo hupewa namba ya R: kadiri ilivyo kubwa, ndivyo ardhi inavyokosa njia ya kukupoza. Kwa Kilimanjaro nataka 4 au zaidi. Kampuni nyingi hutoa la povu. Uliza mapema unene wake, na kama ni jembamba, omba mawili. Vipimo vile vya lebo vya nyuzi za faraja hupatikana begi likiwa juu ya godoro, hivyo ukilala bila godoro namba hizo hazina maana.

Mitumba: Karume na Tandika

Mabegi ya manyoya mapya ni adimu madukani Dar. Ya mitumba yapo. Hutoka kwenye marobota ya Ulaya, na mara nyingine muuzaji wa Karume, Tandika au Manzese huliuza begi bora kwa bei ya duveti kwa sababu hajui ni nini. Wakati mwingine ni kinyume, duveti la poliesta linaitwa begi la baridi kali. Nenda asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, na ukague kwa utaratibu huu:

1. Soma lebo ya ndani. "Daunen" kwa Kijerumani na "duvet" kwa Kifaransa ni vinyoya vyororo. "Federn" na "plumes" ni manyoya yenye vijiti. "Polyester" inajieleza.
2. Lifungue, litikise, liache dakika kumi. Begi zima hutuna. Lililobaki bapa limekufa, au limejaa mafuta na linaweza kufufuka kwa kuoshwa. Lipia kwa hesabu hiyo.
3. Lipapase kwa vidole. Manyoya hukimbia na kurudi. Ukihisi vijiti vingi vinavyochoma, ubora ni mdogo. Ukihisi tabaka moja linaloteleza kama sponji, ni poliesta.
4. Liinue juani utazame mwanga upande wa pili. Vyumba visivyo na kitu vitaonekana, na mabonge yaliyogandamana pia.
5. Libane kwa nguvu karibu na pua. Harufu ya bata kidogo si tatizo. Harufu ya ukungu au ya kuoza ni tatizo lisilokwisha. Muage muuzaji.
6. Endesha zipu mwanzo hadi mwisho mara tatu. Zipu mbovu hemani saa nane usiku ni hatari ya kweli.

Tundu dogo lisikutishe, lakini usimpelekee fundi cherehani. Kila tobo la sindano ni mlango wa kinyoya kutoka. Bandika kiraka cha gundi cha kitambaa cha nailoni pande zote.

Adui yuko kabatini

Begi la mpandaji wa Dar hukaa mlimani siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki liko chumbani Kinondoni, kwenye hewa ya bahari, na masika kuanzia Machi hadi Mei hakuna kinachokauka. Mkanda wa ngozi huota ukungu kabatini. Manyoya nayo yametoka kwa kiumbe hai kama ngozi, na unyevu ukikaa ndani yake hufanya kazi taratibu mpaka siku unalifungua unakutana na harufu.

Kosa la kwanza ni kuliacha kwenye mfuko wake mdogo wa kubebea. Mfuko ule ni wa safari tu. Vinyoya vilivyobanwa miezi kadhaa huvunjika nyuzi na kusahau kutuna. Liweke limelegea ndani ya gunia kubwa la pamba. Foronya mbili zilizounganishwa zinatosha, na hiyo ni kazi ya dakika kumi kwa fundi yeyote. Usitumie nailoni wala ndoo yenye kifuniko, kwa sababu unyevu ulioingia hautoki. Liwe juu, mbali na ukuta wa nje, na kwa wakazi wa Hananasif, Mkwajuni na bondeni kwa Msimbazi, ambako mafuriko huingia, juu kabisa. Mara moja kwa mwezi litoe, litikise, lipigwe na upepo wa feni mchana kutwa. Jua kali lisilichome kwa saa nyingi, maana huchakaza kitambaa chembamba.

Kosa la pili ni mafuta. Tunapaka mafuta ya nazi au losheni kabla ya kulala, na mafuta hupita kitambaani hadi kwenye vinyoya na kuvigandisha. Lala na shuka la ndani lililoshonwa kama mfuko, la hariri au poliesta nyepesi. Linaoshwa kila safari, begi halioshwi.

Likilazimika kuoshwa, subiri Julai au Agosti. Tumia sabuni maalumu ya manyoya, au sabuni laini ya maji isiyo na mafuta wala blichi, kwenye beseni kubwa, ukilikanda bila kulikamua. Suuza mpaka povu liishe. Kisha libebe kwa mikono miwili chini yake. Ukiliinua kwa ncha moja, uzito wa maji utapasua kuta za vyumba. Dobi mwenye mashine ya kukaushia alizungushe kwa joto dogo pamoja na mipira miwili mitatu ya tenisi ya kuvunja mabonge. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, lipia kwa mizunguko. Asiye na mashine alilaze juu ya wavu au kitanda cha kamba, kivulini penye upepo, akiligeuza na kuchambua mabonge kwa vidole, usiku aliingize chini ya feni. Siku tatu hadi tano. Bonge likiwa bado lipo, begi bado ni bichi. Dobi wa kutumia kemikali bila maji asiliguse kabisa, kwa sababu kemikali hunyang'anya vinyoya mafuta yake ya asili.

Mlimani nako kuna unyevu. Njia ya Machame hupita msitu wa mvua, kwa hiyo begi lisafiri ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, hivyo nunua ule wa turubai wenye mdomo wa kukunja. Usiku usiingize pua ndani ya begi, pumzi yako ni maji. Asubuhi, jua likitoka, lianike juu ya hema wakati unakunywa chai.

Ununue au ukodi?

Moshi na Arusha mabegi hukodishwa, na kampuni nyingi za kupandisha wageni zina ya kwao. Ubora hutofautiana sana. Dai kuliona kabla ya siku ya kuondoka, na lifanyie ukaguzi uleule wa Karume: litune, linuse, endesha zipu, soma nyuzi za faraja. Fika Moshi siku moja kabla. Basi la asubuhi kutoka Mbezi Luis linakufikisha jioni, na kubadilisha begi getini haiwezekani.

Anayepanda mara moja kutimiza ndoto yake, akodi, na fedha aliyoiokoa aiongezee siku moja mlimani, maana siku ya ziada ya kuzoea mwinuko humsaidia kufika Uhuru kuliko begi lolote. Anayejua atarudi, au anayekwenda Meru, Kitulo na Ngorongoro kila mwaka, anunue la faraja ya nyuzi 7 chini ya sifuri, manyoya ya 650 au zaidi, na alinunue Juni, si Novemba, apate muda wa kulikagua, kuliosha na kulikausha kabla ya vuli. Na mwenye begi zuri linalokaa kabatini bila safari, tafadhali aliuze au ampe mwenzake anayepanda Desemba hii.